Nilimwambia apitishe malalamiko kwa kiongozi wake: yaliyotokea kwenye tamasha letu la drafti Dodoma

Wakuu, salaam kwenu nyote, mlioingia kusoma na mliochungulia tu.

Huu uzi nimeuanza mara tatu nikaufuta. Leo nauleta hivyo hivyo ulivyo. Majina ya watu nimebadilisha na jina la tamasha sitalitaja, lakini mambo yenyewe ni haya haya, sijaongeza chumvi. Mkifika mahali mkaniona mjinga, mjue hapo ndipo nimekuwa mkweli zaidi.

Nijitambulishe kidogo.

Nimevuka hamsini. Nilisoma chuo kikuu enzi ambazo mtu wa chuo kikuu alikuwa bado anapishwa kwenye foleni. Nikaajiriwa serikalini, nikahamia Dodoma ofisi ilipohamia, na sehemu kubwa ya utumishi wangu nimeimalizia masjala, nikitunza mafaili ya watu wengine. Jioni naandika makala ambazo wasomaji wake wote wawili nawajua kwa majina.

Na nacheza drafti. Nacheza vibaya, lakini kila siku.

Sasa, kila mwaka, msimu wa baridi na upepo, klabu za drafti na bao za kanda hii ya kati hukutana Dodoma kwa siku tatu. Singida wanakuja, Manyoni wanakuja, Kondoa, Mpwapwa, na sisi wenyeji. Tunakodi ukumbi wa harusi kule Nzuguni. Viti vinakuwa bado vimefungwa vitambaa vya zambarau vya harusi ya wiki iliyopita, na wazee wanakaa humo na mbao zao za drafti na vizibo vya soda, wanapigana kimya kimya kutwa nzima.

Kwa anayedhani drafti ni mchezo wa wasio na kazi: njoo siku moja uone hakimu mstaafu akiipima kete moja kama kesi ya mauaji.

Zamani lilikuwa tamasha la wanaume. Wanawake walianza kuja mmoja mmoja, baadaye kwa vikundi, na wengine wakawa wanatufunga. Ndipo kamati ikaona kuna haja ya kuwa na utaratibu wa malalamiko ya unyanyasaji. Tulikuwa tumesikia kwingine kuna mambo, na hatukutaka yatukute hatuna karatasi.

Nani aandike karatasi? Macho yote yakanigeukia.

Niliandika kurasa nne. Niliandika kwa raha, siwafichi. Nilitumia maneno kama "bila kuathiri kifungu kilichotangulia". Na kifungu nilichokipenda kuliko vyote kilikuwa cha sita: malalamiko yote yawe ya maandishi, na yapitie kwa kiongozi wa klabu ya mlalamikaji, ambaye ataweka maoni yake na kusaini kabla ya kuyafikisha kwa kamati.

Mliopita serikalini mnaelewa. Kwa mtu wa masjala, barua ambayo haikupitia kwa mkuu wako ni kama mgeni aliyeingilia dirishani. Miaka yote hiyo nimerudisha barua za watu kwa kosa hilo moja. Likizo, uhamisho, mtu anauguliwa na mama yake: rudi, andika "Kupitia kwa", kapate saini. Sikuwahi kujiuliza inakuwaje pale ambapo huyo wa kupitia kwake ndiye tatizo lenyewe.

Kamati ikaipitisha kwa makofi. Mimi nikafanywa mwenyekiti wa malalamiko. Nikapewa meza yangu mlangoni, na nikanunua muhuri.

Siku ya kwanza, Ijumaa, nilikaa pale hadi alasiri bila mteja, nikawa nimeshaanza kujisifu kwamba utaratibu wangu umewatisha wakorofi.

Ndipo akaja binti nitakayemwita Perusi.

Perusi ni fundi cherehani wa Kibakwe, huko Mpwapwa, ana miaka ishirini na kitu. Drafti alijifunzia barazani, anashona huku anawaangalia wanaume wakicheza ng'ambo ya njia, mpaka siku moja akawaonyesha hatua waliyoshindwa kuiona. Asubuhi ile alikuwa ameshashinda michezo yake mitatu yote. Watu walikuwa wameanza kusogeza viti karibu na meza yake.

Akasimama mbele yangu, akanipa shikamoo, nikamwitikia. Akasema ana jambo linamhusu mtu mmoja, na anaona aibu kulisema pale.

Nikamkatiza. Nataka msome vizuri hapa, wakuu. Nilimkatiza kwa nia njema kabisa.

Nilimwambia asitaje jina, maana kutaja jina mdomoni ni kumchafua mtu kabla hajasikilizwa. Nikamwonyesha kifungu cha sita kwa kidole.

"Lazima ipitie kwa kiongozi wa klabu?" akauliza.

"Lazima."

"Aisome yeye mwenyewe?"

"Aisome, aweke maoni, asaini. Utaratibu ni utaratibu, mwanangu. Unakulinda wewe na unamlinda na mwenzio."

Alinitazama muda mrefu kidogo, nami nikadhani anatafakari uzuri wa kanuni zangu.

"Sawa, baba," akasema. Akaomba karatasi.

Nikampa mbili, moja ya nakala.

*

Jumamosi, kama saa tatu asubuhi, raundi ya nne imeshaanza, akaja kiongozi wa klabu ya Kibakwe. Nitamwita Lameck.

Lameck mngempenda. Ana umri wa kama miaka arobaini na mitano, ana duka la mbegu na dawa za mifugo, anaongea taratibu. Ndiye aliyeanzisha ile klabu, ndiye aliyetafuta Noah ya kuwaleta, ndiye aliyepanga vyumba kwenye nyumba ya wageni. Kwenye ufunguzi tulimwomba yeye aombe sala, na aliomba vizuri mpaka watu wa Manyoni wakaitikia mara mbili.

"Shikamoo mwenyekiti," akasema. "Nimekuletea barua ya binti yangu."

Barua ilikuwa ndani ya bahasha. Nikaitoa. Na kitu cha kwanza nilichokiona, Mungu anisamehe, ni kwamba imepangwa vizuri. Anuani pembeni. "Kupitia kwa" iko mahali pake. YAH kwa herufi kubwa. "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu." Mwisho, "Nawasilisha." Nikajisemea, huyu binti alifundishwa.

Chini kulikuwa na mwandiko mwingine, wa Lameck, mzuri wa kulala upande mmoja: "Imepita kwangu. Mwombaji ni mchapakazi ila ana hasira za haraka. Nashauri suala hili limalizwe kwa busara, ndani ya familia ya drafti."

Saini. Tarehe.

"Naomba unigongee na nakala yangu," akasema.

Nikagonga. IMEPOKELEWA. Mkono ulishazoea, haukunisubiri.

Aliposhukuru na kuondoka ndipo nikarudi juu kusoma kile kichwa cha habari nilichotakiwa kuhusika nacho. Kilisema: malalamiko dhidi ya kiongozi wa klabu.

Sitawawekea barua nzima, si yangu. Kwa kifupi: kwamba Lameck anasimama nyuma yake wakati anacheza na kumwekea mkono shingoni, anasema anamfundisha. Kwamba njiani kutoka Mpwapwa alimhamisha mtu ili akae naye. Kwamba anamtumia meseji ambazo hawezi kumwonyesha mjomba wake. Na kwamba asubuhi ya Ijumaa, akiwa anavaa, mlango wa chumba chake ulifunguliwa kwa ufunguo bila hodi, akaingia Lameck, akasema anaangalia kama maji yanatoka.

Nilisoma nikiwa nimekaa, lakini nilihisi kama mtu aliyesimama ghafla.

Nilikuwa nimemtuma mwenyewe. Nilimpa na karatasi.

*

Nilimpelekea barua Mama Tausi. Huyu anauza vitambaa mjini, anakaa mtaa wa Kikuyu hapa hapa Dodoma, ni bingwa wa bao na ndiye mwanamke pekee aliyekuwa kwenye kamati yetu. Siku tulipopitisha kanuni zangu alikuwa msibani. Nimejiuliza mara nyingi ingekuwaje kama yule marehemu angesubiri wiki moja.

Alisoma mpaka mwisho, akasoma na yale maoni ya chini. Hakupandisha sauti.

"Kaka," akasema, "yaani umemtuma mbuzi akaombe saini kwa chui."

Nikaanza kueleza kwamba sikujua, kwamba nilimkataza kutaja jina kwa ajili ya haki. Akanyoosha mkono, nikanyamaza.

"Yuko wapi huyo mtoto sasa hivi?"

Hilo nilikuwa sijajiuliza. Nilikuwa nimeshughulika na barua.

Tukaenda kwenye ukuta yanapobandikwa majina ya raundi. Meza ya pili, jina la Perusi lilikuwa limepigwa mstari, pembeni pameandikwa: amejitoa. Mwamuzi akatuambia kiongozi wake alikuja mapema asubuhi akasema binti ana homa kali. Mpinzani wake, mtu wa Kondoa, alikuwa ameshapewa ushindi na yuko nje anaota jua.

Tulimkuta Perusi nyuma ya ukumbi kwa mama lishe. Chai mbele yake imeshapoa, begi liko miguuni. Hakuwa na homa.

Mama Tausi akaketi karibu naye. Mimi nikabaki nimesimama, kwa sababu sikujua kama naruhusiwa kukaa.

Alitueleza kwa sauti ya kawaida kabisa. Kwamba ile barua hakuthubutu kumpa Lameck wakiwa wawili, kwa hiyo alimpa jioni mezani, wenzake wote wa klabu wakiwepo wanakula. Lameck akaisoma, akaikunja, akaendelea kula ugali. Akasema tu, "Nitaipitisha." Asubuhi wenzake hawakumsalimia. Mmoja akamwambia ameiaibisha Kibakwe. Na alipokwenda ukumbini akakuta jina lake limekatwa, na kabla hajauliza, simu ikaita: mjomba wake, aliyemlea, anamuuliza ni kweli kwamba amekataa kulala alikopangiwa na anazurura na vijana wa Singida?

Lameck alikuwa ameshampigia.

Kwa hiyo hesabu yake ilikuwa hivi, wakuu. Ijumaa mchana alikuwa na tatizo la mtu mmoja. Jumamosi asubuhi, baada ya kunifuata mimi nimsaidie, alikuwa amepoteza klabu, mchezo, na jina lake nyumbani.

Nilimwomba radhi. Sikuwa na maneno ya makala siku hiyo. Nilisema tu kwamba kosa ni langu.

"Mimi nilijua ni kosa," akasema. "Nilidhani ninyi wakubwa mnajua kitu ambacho mimi sikijui."

Mama Tausi akamuuliza anataka nini kifanyike. Nikawa nategemea aseme Lameck afungiwe, aitwe polisi, au aombe msamaha hadharani.

"Nataka kucheza," akasema. "Nataka chumba chenye ufunguo mmoja. Na nataka nikirudi nyumbani nikute naaminiwa."

Mama Tausi akamwambia njia ya polisi ipo, na kwamba siku yoyote akiitaka atamsindikiza mwenyewe. Akasema amesikia.

*

Kikao cha dharura tulikifanyia kwenye chumba cha kuvalia maharusi, chenye kioo kirefu, kwa hiyo kila mtu alikuwa anajiona akiongea. Mwenyekiti mkuu wa tamasha ni mzee wa watu, muungwana, hapendi makelele. Ushauri wake ulikuwa ule ambao wengi wenu mngeutoa: tuwaite wote wawili, Lameck aseme samahani kama kuna alipoteleza, wapeane mikono, tunywe soda, yaishe.

Nilikaribia kuunga mkono. Nakiri. Nimesuluhisha watu wengi kwa soda katika maisha yangu.

"Wapeane mikono?" akauliza Mama Tausi. "Tatizo la huyu mtoto si huo mkono?"

Tukamwita Lameck peke yake.

Alikuja na ile nakala yake niliyoigonga muhuri, akaiweka mezani, akainyoosha kwa kiganja.

Hakukasirika. Alisema barua ameipitisha kwa mujibu wa kifungu cha sita, ingawa ilimhusu na ingemwumiza, jambo ambalo mtu mwenye hatia asingelifanya. Alisema kifungu hicho kinampa kiongozi haki ya kutoa maoni, maoni ameyatoa, na haoni kwa nini kamati inayaruka. Alisema yeye ana mabinti. Akanigeukia.

"Mwenyekiti, nimekosea wapi? Si hivi ulivyotuandikia?"

Wakuu, nimeshindwa mijadala mingi humu jukwaani, lakini sijawahi kupigwa kwa fimbo yangu mwenyewe namna ile. Alikuwa sahihi. Alifuata kila neno.

Nikamwambia kifungu cha sita nilikiandika mimi, ni kibovu, na aliyekitumia hawezi kukitumia kama kinga. Nikaona kwenye kioo mwenyekiti mkuu anakunja uso. Alikuwa anafikiria, kanuni hubadilishwa na mkutano mkuu.

Mama Tausi hakuwa na habari na kanuni.

"Baba, huo ufunguo wa chumba chake unao?" akamuuliza Lameck.

Akasema anao. Wa akiba, wa dharura, yeye ndiye kiongozi wa msafara. Akautoa mfukoni akauweka juu ya ile nakala.

"Na za vyumba vingine?"

"Zipi?"

"Klabu yako mmelala vyumba sita. Hao wengine wakipata dharura, unawafungulia na nini?"

Lameck akatazama mezani. Ufunguo ulikuwa mmoja, wenye kibati cha namba nne, namba ya chumba cha Perusi.

Mwenyekiti mkuu, yule wa soda, ndiye aliyeuchukua ufunguo. Akamwambia Lameck, kwa heshima zote, akusanye vitu vyake.

Aliondoka mchana ule na Noah yake, na watu wa klabu yake karibu wote wakapanda. Wengine hawakuwa wanamtetea, ni vile ndio usafiri wenyewe. Mlangoni alinipa mkono. Nikaushika. Bado sijui kwa nini niliushika.

*

Sasa kuna watu mmeshajiandaa kukomenti "safi sana, haki imetendeka." Subirini.

Raundi ya nne haikurudi. Mwamuzi alituonyesha kanuni za mchezo, ambazo kwa bahati mbaya ziliandikwa na mtu makini kuliko mimi: raundi ya tano imeshapangwa, matokeo ya nne hayaguswi. Yule mtu wa Kondoa alijitolea warudiane. Ikashindikana.

Perusi alihamia kwa Mama Tausi Kikuyu. Jumamosi mchana na Jumapili alicheza michezo iliyobaki, akashinda yote. Nilisimama mbali nikimtazama. Alikuwa akimaliza kusogeza kete anageuka kidogo kuangalia nyuma ya kiti chake, halafu anarudi mchezoni. Kila mara.

Watatu wa kwanza ndio waliokuwa wanakwenda kuiwakilisha kanda Dar. Perusi alikuwa wa nne, kwa tofauti ya mchezo mmoja. Mchezo huo mmoja ni wangu. Ndio niliougongea muhuri.

Siku ya kuondoka, Mama Tausi alimpandisha basi la Mpwapwa na kumkabidhi kwa dada mmoja muuguzi anayemfahamu. Nikamwambia Perusi nitamwandikia mjomba wake barua rasmi ya kamati, kueleza ukweli wote.

Akanitazama kama alivyonitazama ile Ijumaa.

"Usiandike, baba," akasema. "Nenda."

*

Nilikwenda wiki iliyofuata. Basi hadi Mpwapwa, halafu gari la kupandia milimani. Kwa asiyepajua Kibakwe, mkitoka kwenye huu uwanda wetu mkavu mnashangaa: vilima, mashamba yamejipanga, ubaridi unaingia mifupani. Njia nzima nilikuwa natunga hotuba.

Mjomba wake ni mkulima, mzee mfupi wa maneno machache. Nikamsalimia kwa Kigogo, "mbukwenyi", nikidhani nitamlainisha. Akaitikia, halafu akaendelea kwa Kiswahili, taratibu, kama mtu anayemrahisishia mgeni.

Hotuba haikufika popote. Nilieleza tu, tangu mwanzo. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Wewe ndiye uliyemwambia ampelekee barua?"

"Ndiye mimi."

"Ulikuwa hujui?"

"Nilimkataza asiniambie."

Akawafukuza kuku waliokuwa wanaparua mlangoni.

"Mimi yule mtoto nilimgombeza kwenye simu," akasema. "Watu wakiwa wananisikia." Akainuka, akachukua koti. "Hayo uliyoniambia mimi, kayaseme pale walipoambiwa mengine."

Tukaenda sokoni. Kijiwe cha drafti kiko mbele ya safu ya maduka, meza mbili, wanaume kama kumi. Duka la Lameck lilikuwa linaonekana kutoka pale, na yeye mwenyewe alikuwa mlangoni. Ng'ambo ya njia, barazani, Perusi alikuwa kwenye cherehani yake. Hakuinua kichwa.

Mjomba akawaambia huyu mgeni ametoka Dodoma, ana neno.

Nikasema kwamba Perusi hakujitoa mashindanoni, alitolewa. Kwamba hakukuwa na kijana wa Singida wala wa wapi. Kwamba alikuja kulalamika kwangu kwa haki yake, na mimi, mzee mzima niliyesoma, nikamrudisha mikononi mwa anayemlalamikia, kwa maandishi. Kwamba kamati ilimsikiliza Lameck na ikamtoa. Sikutaja yaliyokuwa kwenye barua. Hayo ni ya mwenyewe kusema au kutosema.

Wakati naongea, cherehani ilikuwa imesimama.

Lameck akaingia ndani ya duka lake.

Hakuna aliyepiga makofi. Kijana mmoja akauliza, "Kwa hiyo alimaliza wa ngapi?" Nikamwambia wa nne, na kwamba angekuwa kwenye tatu bora kama si mimi. Akasonya, sikujua ananisonyea mimi au nani.

Kisha mzee mmoja, aliyekuwa bado ameshika kizibo chake cha soda hewani tangu nilipoanza, akasema bila kunitazama:

"Ungekuja kabla hatujamcheka."

Akakiweka kizibo chake. Mwenzake akacheza. Ng'ambo ya njia, cherehani ikaanza tena kulia.

*

Ndiyo hivyo, wakuu.

Nilichojifunza ni kidogo na kimekuja kwa gharama ya mtu mwingine. Niliandika utaratibu wa kunilinda mimi nisisikie jambo zito mdomoni mwa mtu aliyesimama mbele yangu, nikauita utaratibu wa kumlinda yeye. Mtu akija na jambo kama hili, weka kalamu chini. Mwache ataje jina. Halafu muulize anataka nini, na muulize kesho analala wapi na anarudi na nani. Karatasi zitafuata, na sisi watu wa masjala tutazipata tu, tusiwe na haraka.

Kanuni zetu sasa ni ukurasa mmoja, kauandika Mama Tausi, nami nilikatazwa kuhariri. Mlalamikaji anaongea na yeyote anayemwamini kwenye kamati, kwa mdomo au vyovyote. Funguo za akiba zinabaki mapokezi. Kiongozi wa klabu hapangi vyumba vya watu wake. Muhuri niliuacha kwenye droo ya ofisi.

Lameck bado ana duka lake, na nasikia klabu yake bado ipo. Usajili wa mwaka huu umefunguliwa. Jina la Perusi sijaliona, na sijampigia simu kumuuliza, maana kumwomba arudi ili mimi nijisikie vizuri itakuwa kifungu cha sita kingine.

Mnaosimamia kwaya, timu za mtaani, vikundi vya kupanda milima, matamasha ya aina yoyote: hebu fungueni kanuni zenu leo mtafute hayo maneno "kupitia kwa", kisha mniambie hapa ni kupitia kwa nani. Na wewe uliyewahi kulalamika mahali ukaambiwa rudi kwa yule yule, kama unaweza kuandika, andika. Jina usilitaje kama hutaki. Ukitaka kulitaja, sitakukatiza.